Kadi ilichelewa siku 34, nyumba ikakwama kwa sababu nyingine

Kuna voisi inazunguka kwenye simu za watumishi hapa Dodoma, mi nimeletewa mara tatu ndani ya wiki mbili na watu ambao hata hawajuani. Jamaa anaongea kwa uhakika kabisa kwamba ukichelewesha rejesho la krediti kadi hata mara moja tu basi nyumba usahau kwa miaka saba, jina limeshachafuka, hakuna benki itakugusa. Mtu akiisikia asubuhi akiwa kwenye Kosta ya kwenda Mtumba anafika ofisini ameshakata tamaa, na nawajua wawili walioacha hata kwenda kuulizia. Upande wa pili wapo wanaocheka, eti deni la elfu sitini la kadi litazuiaje nyumba ya milioni 45, acheni utani. Mi nasema wote wamekosea, na wamekosea pale pale, maana wote wanaangalia kosa lenyewe na ukubwa wa hela. Rejesho moja lililorukwa lina uzito, sikatai, ila uzito wake uko kwenye siku lilizokaa bila kulipwa, na lilitokea lini ukipima na siku unayoomba nyumba, na kama uliwaambia benki kitu au ulijikausha. Alafu kwa mtumishi wa kawaida wa huku kwetu kinachomkwamisha mara nyingi wala siyo hiyo kadi, ni makato yaliyoko kwenye slipu yake mwenyewe ambayo hataki kuyaangalia, kadi inabebeshwa lawama tu.

Tuanze na hiyo miaka saba maana imenisumbua, nilijiuliza imetoka wapi. Imetoka Marekani. Kule sheria ya taarifa za mikopo ya mwaka 1970 ndo inasema taarifa mbaya kama ya kuchelewesha malipo inakaa kwenye ripoti yako hadi miaka saba, Uingereza ni sita. Sasa watu wetu wanaangalia video za watu wa Texas na Florida usiku, asubuhi wanazitafsiri kama vile ndo utaratibu wa Area D hapa Dodoma. Na hata hao wa Marekani wanatafsiriwa vibaya, kwa sababu kule ukichelewesha kadi siku tano au kumi unapigwa faini na benki yako basi, haiendi kwenye ripoti, mpaka zifike siku 30. Ikishaenda ndo alama za kupima uaminifu wako wa kulipa zinashuka, zile za FICO zinazoanzia 300 mpaka 850, na historia ya kulipa peke yake inabeba asilimia 35 ya hiyo alama, kwa hiyo aliyekuwa safi kabisa anaweza kuporomoka vibaya kwa kosa moja. Lakini kuporomoka kule maana yake kubwa ni riba kupanda, siyo mlango kufungwa. Mtu anapewa nyumba ila analipa ghali zaidi, na kadiri miezi inavyopita bila kosa jingine lile la zamani linazidi kuwa jepesi, hata kama bado linaonekana kwenye karatasi. Yani hata huko kwao miaka saba ya kuonekana siyo miaka saba ya kunyimwa.

Huku kwetu mambo yamejengwa tofauti na bado ni machanga. Mkopo wa nyumba wenyewe ni mgeni, watu wanasahau. Sheria iliyoweka sawa mikopo ya nyumba ilipita mwaka 2008, mwaka huo huo na ile ya kumiliki sehemu ya jengo, kampuni ya TMRC ya kuyapa mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili ya nyumba ikaanzishwa 2010, na kabla ya hapo ukitaja mkopo wa miaka ishirini mtu anakuangalia usoni kuona kama uko sawa. Taarifa za wakopaji nazo zilianza kukusanywa kwa kanuni za Benki Kuu, yani BoT, za mwaka 2012, ambapo yenyewe ina kanzidata yake alafu zikaruhusiwa taasisi binafsi kama Creditinfo kuchakata hizo taarifa na kuwauzia ripoti wanaokopesha. Kwa muda mabenki yalikuwa yanazitumia kwa kujisikia. Kilichowaamsha ni mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati mpaka benki inaihesabu kama hasara inayokuja, kufikia 2017 na 2018 ilikuwa imevuka asilimia 10 ya mikopo yote wakati lengo la BoT ni isizidi asilimia 5, mabenki yakabanwa yasitoe mkopo bila kuangalia ripoti. Ndo maana kaka yako aliyekopa 2014 anakwambia yeye hakuulizwa chochote. Hakudanganyi, alikopa kabla ya macho kufunguka.

Sasa ndani ya hiyo ripoti kuna nini? Hakuna orodha nyeusi wala kitabu cheusi, hilo neno lingeachwa tu. Kuna orodha ya mikopo yako yote, ile iliyoisha na inayoendelea, ya benki, ya kadi, na ya simu ile inayotolewa na benki kupitia mtandao, na kwa kila mkopo kuna salio, kuna kiasi kilichochelewa na siku kilichochelewa. Jicho la afisa mikopo linaenda kwenye siku. Zikifika siku 90 mkopo unahesabika kuwa chechefu hata kama ni wa elfu arobaini, na hapo benki iliyokukopesha inalazimika kutenga fedha kufidia hasara ambayo huenda ikaipata kwako, kwa hiyo wewe umeshawagharimu kabla hata hawajakupigia simu. Siku 90 na siku 9 ni dunia mbili. Ila watu wakikaa kwenye benchi pale Nyerere Square wanaziita zote "kuchelewesha".

Na kuna ucheleweshaji ambao ni wa kijinga kabisa, samahani kwa neno, wa tarehe. Mshahara wa serikali mara nyingi unaingia kati ya 21 na 25 ya mwezi, alafu mtu kadi yake inadai tarehe 18 au 20. Kwa hiyo kila mwezi wa Mungu anachelewa siku tatu nne, analipa faini, anaona ni kawaida, na mwaka ukiisha ana miezi kumi na mbili ya kuchelewa kidogo kidogo. Hakuna mwezi hata mmoja uliozidi siku nne, lakini benki yake hiyo hiyo siku akiomba nyumba wanafungua historia yao wenyewe ya ndani, siyo ile ripoti ya nje, na wanaona mtu ambaye hajawahi kulipa kwa wakati. Dawa yake ni barua ya mistari mitatu kuomba tarehe ihamishwe ikae baada ya mshahara. Nimeuliza watu sita wenye kadi ofisini kwetu tarehe yao ya kulipa ni ngapi, wanne hawakujua.

Niseme kidogo ya nyumbani maana ndo iliyonifanya nikae niandike. Shemeji yangu, mwalimu, na mkewe ni muuguzi, walitaka milioni 45 wamalizie nyumba yao Nala, kiwanja kina hati, msingi upo na kuta zimefika kwenye linta. Nikamsindikiza benki, jina la benki halina maana hapa. Yule dada wa mikopo akaigeuza kompyuta tukaona wote, kuna mstari wa vijumba vidogo kila kimoja ni mwezi, sifuri sifuri sifuri, alafu katikati kimoja kimeandikwa 34. Akagonga kioo na kalamu. "Kaka, hapa Machi kulitokea nini?" Shem akaanza kutokwa jasho, voisi ile alikuwa ameshaisikia. Akasema alihamisha mshahara kwenda benki nyingine, ile akaunti iliyokuwa inakatwa kadi ikabaki tupu, elfu 61 ikakosa pa kukatwa, alivyokuja kushtuka ni baada ya mwezi. "Una kitu chochote kinachoonyesha ulihama?" Alikuwa nayo meseji ya siku mshahara ulipoanza kuingia kwenye akaunti mpya, na risiti ya kulipa. Dada akaandika kitu kwenye fomu, akasema leta barua ya maelezo uambatanishe hivyo, akapita. Dakika nne labda. Kisha akavuta slipu za mshahara na hapo tukakaa dakika arobaini.

Hizo dakika arobaini ndo makala yenyewe, kwa hiyo nivumilie hesabu. Mshahara wa shem ni milioni 1.5. Mfuko wa pensheni asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu asilimia 15, hizo tatu zinaondoka na 345,000. Kodi kwa viwango vya sasa ni 255,500. Mkononi kabla ya kitu kingine inabaki 899,500. Utaratibu wa utumishi unataka mtu asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, kwa hiyo laki tano haiguswi, nafasi ya kukatwa ni kama 399,500. Ila kwenye slipu kuna mkopo wa mshahara, ule wa kununulia bodaboda ya dogo, unakata 260,000 kila mwezi. Imebaki 139,500. Njoo kwa mkewe, mshahara wake ni milioni 1.1, mdogo kuliko wa mume, ila alisoma diploma hana deni la Bodi na hana mkopo wowote, ukitoa pensheni, bima na kodi na ukaacha theluthi yake, nafasi yake ni kama 503,800. Yani mke mwenye mshahara mdogo ana uwezo wa kukopa zaidi ya mara tatu ya mume. Shem alinyamaza pale, mi nikajifanya naangalia feni.

Ukijumlisha wote wawili ni kama 643,000 kwa mwezi. Milioni 45 kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 16 inataka rejesho la kama 661,000. Wamepungukiwa elfu 17 na ushee. Elfu kumi na saba! Ombi likarudi. Na nyumbani shem alichowaambia watu ni kwamba kadi ndo imemponza. Mi sikumkosoa mbele za watu ila ndo hivyo, kile kijumba chenye 34 hakikuwa na kazi kubwa, kilichokwamisha ni bodaboda. Na hapa ndo naona voisi ile inafanya madhara ya kweli, inawafanya watu waogope kitu ambacho kinaelezeka na wasiangalie kitu ambacho hakina maelezo, maana theluthi ikigoma imegoma, hakuna barua ya maelezo ya kuibadilisha. Mtu anaikimbia kadi ya elfu sitini kwa mwezi anaenda kuchukua mkopo wa mshahara wa miaka saba kwa sababu "huo unakatwa wenyewe, hauchafui jina". Hauchafui jina, kweli. Unakula tu nyumba taratibu.

Nisije nikaonekana nawatetea wanaosema kadi haina neno. Upande wa benki una hoja nzito na nataka niiseme ipasavyo. Hela ya kukopesha siyo ya meneja, ni ya mama aliyeweka akiba yake ya mnada wa Msalato, na mkopo wa nyumba ni miaka 15 au 20 ambayo hakuna anayejua humo ndani utahamishwa, utaumwa au utastaafu mapema. Benki haina kioo cha kuonea mbele, ina historia tu. Mtu aliyeshindwa kukumbuka elfu 61 wakati mambo yake yako sawa, atafanyaje siku mambo yakiharibika na rejesho ni laki sita? Hilo swali ni la haki. Na kadi ina kitu cha pekee ambacho mkopo wa mshahara hauna, kwamba hakuna mwajiri anayekukatia, ni wewe na tarehe na simu yako. Kwa afisa mwenye akili kadi iliyolipwa vizuri miezi 24 ni ushahidi mzuri kuliko mkopo wa mshahara uliolipwa miezi 60, kwa sababu ule wa mshahara unaonyesha nidhamu ya mhasibu wa halmashauri, siyo yako. Kwa hiyo kosa la kadi nalo linasema zaidi. Hapo nakubaliana nao.

Ninapoachana nao ni pale historia inaposomwa bila kuuliza. Chukua mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka kuelekea Machi na tena Agosti kwenda Septemba, hela yake inakuja kwa mafungu mawili makubwa na katikati ni ukame. Ukimpa kadi au mkopo wa marejesho ya kila mwezi, Novemba atachelewa, na mwakani Novemba atachelewa tena, alafu Machi analipa yote kwa mkupuo. Kwenye ripoti huyu anaonekana mtu asiyeaminika, wakati ukimjua unaona mtu anayelipa kwa saa yake kama jua. Tatizo siyo tabia yake, ni kwamba alipewa mkopo uliokatwa kwa kipimo cha mtu wa mshahara. Mwajiri mwingine wa binafsi naye anakata rejesho kwenye mshahara wa mfanyakazi alafu analala nalo wiki sita kabla ya kulipeleka benki, na ripoti haina kijumba cha kuandika jina la mwajiri, inaandika jina la mfanyakazi. Kwa watu kama hawa ripoti iwe mwanzo wa maongezi tu, afisa anayeisoma kama hukumu anamwonea mtu.

Sasa kuna hoja dhaifu ambazo zinasambaa sana na inabidi zipigwe. Ya kwanza ni ile ya "nitaenda benki nyingine, hawatajua". Watajua. Kazi yote ya kanzidata ni hiyo, namba ya NIDA ni moja na simu ni ile ile, zamani mtu alizungusha slipu moja benki tatu kwa wiki moja akapata mikopo mitatu, siku hizi hafiki ya pili. Nyingine ni ya hawa waliokopa kwenye programu za simu, BoT ilipotoa orodha ya majukwaa na programu 69 zisizo na leseni Novemba 2024 watu walishangilia kama harusini, wakadhani madeni yote ya simu yamekufa siku ile. Orodha ile ilihusu leseni. Wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali wasio na leseni, vitisho vyao vya "tunakupeleka CRB", yani kwenye taasisi za taarifa za wakopaji, ni kelele tu, kwenye mfumo rasmi hawana kiti, ila huduma za mikopo ya simu zilizo chini ya mabenki halisi, tangu M-Pawa ya 2014 na zilizofuata, ule ni mkopo wa benki kama mwingine wowote, hata ukiwa wa elfu kumi na tano ya kununulia luku. Nimeona mtu amekwamishwa na elfu 8 aliyoisahau kwenye laini aliyoitupa, siku mia tano na ushee. Kiasi kichekesho, siku hazichekeshi.

Ila hoja dhaifu kuliko zote kwangu ni hii ya wazee wetu wenye busara: usikope kabisa, ubaki safi. Inapendeza masikioni. Tatizo ni kwamba safi na tupu ni vitu viwili. Ukienda kuomba milioni 45 na ripoti inarudi haina kitu, afisa hana cha kusoma, atakachofanya ni kutaka kianzio kikubwa zaidi, au mdhamini, au akupunguzie miaka. Mwenye kadi ndogo yenye kosa moja lililoelezwa na miezi ishirini ya sifuri anaweza kabisa kumpita asiyewahi kukopa. Sisemi watu wakimbilie kadi, riba ya kadi ni kali na wengi kadi haiwafai, mi mwenyewe nilirudisha ya kwangu. Nasema tu uoga wa kukopa hauandikwi popote kama sifa.

Na kuna la ndoa, hili linapitiwa haraka kwenye maongezi yetu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, kwa hiyo wengi wanajua mke au mume atasaini. Wasichojua ni kwamba mkiomba kwa pamoja ili mishahara ijumlishwe, ripoti zinavutwa mbili. Nimesikia ya bwana mmoja wa Kisasa aliyejua kadi ya mkewe siku hiyo hiyo mbele ya afisa, na mke akajua mambo ya bwana ya mikopo ya simu, kumi na moja. Nyumba haikujengwa mwaka huo, na siyo kwa sababu ya benki.

Kwa hiyo mtu anayetaka nyumba mwakani, Iyumbu kwa Shirika la Nyumba (NHC) au kiwanja chake mwenyewe Nzuguni, cha kufanya siyo kulala na hofu ya miaka saba. Ni kuomba ripoti yake sasa hivi, haki hiyo anayo, na akikuta kisicho kweli anayo haki ya kukipinga kirekebishwe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeongezea nguvu hapo. Afanye miezi sita au mwaka kabla, maana marekebisho yanatembea kwa mwendo wa barua za ofisini, na kosa la mwezi uliopita linasemwa kwa sauti kubwa kuliko la miaka mitatu nyuma. Kama rejesho limeruka leo, alipe haraka kabla siku hazijaongezeka, na kama hawezi basi apige simu kabla hawajampigia, hiyo simu inaandikwa kwenye faili na faili ndo litakaloulizwa. Deni likiisha achukue barua ya kumaliza deni aitunze na hati, nimeona watu wanachana hizo barua kwa furaha. Kadi asiyoitumia aifunge rasmi kwa barua, siyo kuikata na mkasi, kwa sababu afisa mwingine anaihesabu kikomo chake kama deni linalosubiri kutokea.

Kwa upande wa mabenki nina moja tu la kuwaambia. Mnaweza kututumia meseji tano kwa siku za kututakia sikukuu na kutuambia kuna mkopo mpya, meseji moja ya kusema rejesho lako lina siku 25 halijalipwa na wakopeshaji wengine wanaweza kuziona kwenye ripoti yako mnashindwa nini? Shem hakupata hata moja mwezi ule wa Machi. Alipata ya kumpongeza kwa siku ya kuzaliwa. Mzigo wote wa kujua umewekwa kwa mkopaji, na mkopaji mwenyewe elimu yake ya mikopo ni voisi ya mtu asiyejulikana akisimulia sheria za Marekani.

Shem ameamua kuumaliza kwanza mkopo wa bodaboda, umebaki kama milioni 3, dogo anaichangia kutoka kwenye hesabu ya siku. Makato yale 260,000 yakitoka, wao wawili wana nafasi ya kama 903,000 kwa mwezi kwa rejesho la 661,000, na yule dada amewaambia warudi slipu mbili za mfululizo zikiwa safi. Kadi hakuifunga. Iko kwenye droo pamoja na hati ya kiwanja, deni sifuri, na tarehe yake ya kulipa sasa ni 28.